Je, kuvuta gari la manyuali kwa kamba huua giaboksi?

Kazi yangu ni kufungua giaboksi, na gereji yangu iko Kisauni. Katika kazi hii hakuna swali linalozusha ubishi barazani kama hili. Gari limezimika njiani, tuseme Gede au Msambweni, na injini haishiki tena. Mwenyewe anatafuta kamba, anamsimamisha jamaa mwenye pikapu, anaweka gia fri, na safari ya kurudi Mombasa inaanza. Mmoja atakwambia hakuna neno, gari la manyuali waweza kulivuta hata mpaka Nairobi almuradi liko fri. Mwengine atakwambia hapo umeshaliua.

Wote wawili wana nusu ya ukweli. Wanabishana kwa sababu kila mmoja anazungumzia gari tofauti. Aliyevuta Probox yake kutoka Kilifi na ikapona anasema alichokiona. Aliyevuta Hiace masafa marefu na kuipoteza giaboksi yake naye anasema alichokiona. Tofauti iko ndani ya giaboksi yenyewe, na si lazima uwe fundi ili kuielewa.

Jibu kwa ufupi

Kinachoua giaboksi ni ukavu: vyuma vinazunguka na oili haivifikii. Kwa hivyo swali la kujiuliza kabla ya kufunga kamba ni moja tu. Injini ikiwa imezima na magurudumu yanazunguka, ndani ya giaboksi kuna kitu gani kinachoinua oili? Kama kipo, vuta kwa kiasi. Kama hakipo, usivute masafa marefu kabla ya kutoa propela au kuinua magurudumu yanayosukuma gari.

Oili hupandaje

Injini ina pampu ya oili. Giaboksi nyingi za manyuali hazina. Oili imekaa chini kama maji kwenye karai, na gia zilizozama humo huichota kwa meno yake na kuirusha juu, ikazinyeshea beringi na gia zilizo juu. Ikiwa zile gia za chini hazizunguki, oili hubaki pale pale ilipo.

Chukua giaboksi ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace, Caravan, Townace, pikapu nyingi na malori ya Isuzu. Ndani yake kwa kawaida mna shafti tatu. Ya kwanza ni shafti ya kuingilia, inayopokea nguvu za injini kupitia klachi. Ya pili ni shafti ya chini, ambayo imelala katika oili na imeshikana meno kwa meno na ile ya kwanza muda wote. Ya tatu ni shafti ya kutokea, iliyounganishwa na propela, na kutoka hapo nguvu huenda kwenye difu na magurudumu. Juu ya shafti hii ya tatu zimekaa gia ambazo hazijafungwa nayo. Zinacheza juu ya beringi nyembamba za sindano mpaka dereva aingize gia, na hapo moja kati yao hufungwa ikazunguka pamoja na shafti.

Sasa weka fri, zima injini, uvute gari. Magurudumu yatazungusha difu, difu itazungusha propela, na propela itazungusha shafti ya tatu. Kwa kuwa hakuna gia iliyoingia, mzunguko unakomea hapo. Shafti ya pili, ambayo ndiyo mchota oili, imesimama tuli. Ya tatu inazunguka ndani ya gia zilizosimama, ikisuguana na beringi za sindano na zile pete za shaba zinazolainisha kuingia kwa gia, ambazo mafundi huziita sinkronaiza. Mwanzoni kuna utando wa oili uliobakia juu ya vyuma. Kwa kilomita chache utando huo hutosha. Ukienda saa nzima kwa mwendo wa kasi, utando unakwisha, joto linapanda, na chuma kinaanza kula chuma.

Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele lina hali nyengine. Hapa namaanisha Probox na Succeed za kawaida, Vitz, Demio, Honda Fit, Nissan AD na wenzao. Giaboksi na difu ziko ndani ya kasha moja na aghalabu hutumia oili moja. Shafti kwa kawaida ni mbili, na ile ya kutokea imeshikana na gia kubwa ya difu, ambayo imezama katika oili. Gari likivutwa, magurudumu huizungusha gia hiyo kubwa, nayo hurusha oili juu hata kama injini imezima. Ndiyo maana magari mengi ya namna hii huvumilia kuvutwa kwa kamba bila madhara, maadamu oili imo kwa kiwango chake na mwendo ni wa taratibu.

Nimesema mengi, sikusema yote. Kila kiwanda kina ramani yake. Zipo giaboksi za nyuma zilizotengenezewa njia ya kufikisha oili juu, na zipo za mbele ambazo watengenezaji wake wameweka mpaka wa mwendo na masafa. Neno la mwisho ni la kitabu cha gari.

Kitabu chenyewe kinasemaje

Swali hili limechimbwa sana kule Marekani, kwa sababu watu wengi, hasa wastaafu, husafiri na magari makubwa ya kulala ndani huku nyuma wakivuta gari dogo la kutembelea mjini. Wao huvuta mamia ya kilomita kwa siku. Kwa hivyo watengenezaji wanaouza magari huko huandika katika kitabu kama gari laweza kuvutwa magurudumu yote yakiwa chini, na kwa utaratibu gani. Mengine yanakubali, mengine yanakataza kabisa, na mengine yanaweka masharti. Jeep Wrangler, kwa mfano, ina kifaa cha kugawanya nguvu baina ya mbele na nyuma, kiitwacho transfa. Maelekezo yake ni kwamba transfa ndiyo iwekwe fri, na giaboksi ya manyuali iachwe ndani ya gia. Hapo mzunguko unaishia kwenye transfa na shafti za giaboksi hazizunguki. Mtu akifuata mazoea tu na kuweka giaboksi fri, atakuwa amekwenda kinyume na kitabu.

Kwetu tatizo ni kwamba magari mengi yanashuka bandarini Mombasa yakiwa yametumika Japani, na kitabu, kama kimo, kimeandikwa Kijapani. Hilo lisikuzuie. Angalia kibati kilichogongwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kina namba ya modeli, na mara nyingi herufi za aina ya giaboksi pia. Kwa namba hizo waweza kutafuta kwenye intaneti kitabu cha Kiingereza cha gari la aina hiyo hiyo lililouzwa nchi nyengine. Fanya hivyo leo gari likiwa zima, usingoje usiku wa giza Bamba.

Hiace iliyotoka Garsen

Niliwahi kuletewa Hiace ya abiria iliyovutwa kutoka Garsen mpaka Mombasa, zaidi ya kilomita 200. Ilikuwa fri, kamba ilikuwa nzuri, na dereva aliyevuta hakugonga kitu. Kilichoizima kule Garsen kilikuwa ugonjwa mdogo wa njia ya dizeli. Fundi wa injini aliumaliza kwa siku moja, akaiwasha, akaitoa nje kuijaribu, na giaboksi ikaanza kulia kama kinu cha kusaga mahindi.

Mwenye gari akamgeukia fundi wa injini: gari lilikuwa halilii kabla ya kuingia kwako. Fundi akaapa hakuigusa giaboksi. Maneno yakawa makubwa, mpaka wakakubaliana iletwe kwangu ifunguliwe mbele ya wote wawili. Oili ilitoka nyeusi, ina harufu ya kuungua, na inametameta vumbi la rangi ya dhahabu, ambalo ni shaba ya sinkronaiza. Shafti ya kutokea ilikuwa na rangi ya buluu pale gia ya tatu inapokaa, na beringi za sindano zilikuwa zimesagika. Lakini shafti ya chini na beringi zake zilikuwa safi kabisa. Hiyo ndiyo saini ya kuvutwa. Giaboksi iliyokufa kwa kukosa oili kazini huumia pande zote. Iliyokufa kwa kuvutwa huumia ile shafti iliyokuwa ikizunguka peke yake.

Fundi wa injini akatoka bila lawama. Mwenye gari akabaki na gharama ya giaboksi nzima, na gari la kutafutia riziki likalala wiki mbili. Kitu kilichokosekana Garsen kilikuwa spana mbili na dakika 20 za kutoa propela.

Kutoa propela

Kwa gari la nyuma, hii ndiyo dawa ya masafa marefu. Propela ikitoka, magurudumu huzungusha difu tu, na difu ina oili yake na gia yake kubwa ya kuichota. Giaboksi inakaa kimya mpaka mwisho wa safari.

Kwanza ziba magurudumu kwa mawe, mbele na nyuma. Usitegemee hendibreki peke yake, kwani baadhi ya malori madogo, kama Canter na Isuzu za N, yana hendibreki inayoshika propela yenyewe. Ukiitoa propela, hendibreki imekwenda nayo, na gari litaondoka nawe ukiwa chini yake. Pili, tia alama ya rangi au mkwaruzo pale propela inapokutana na difu, ili uirudishe vile vile ilivyokuwa. Isiporudi sawa inaweza kuleta mtetemeko. Kisha fungua bolti za upande wa difu, na zile za beringi ya katikati kama ipo.

Kwa magari mengi mbele ya propela imechomekwa tu ndani ya mkia wa giaboksi. Ukiichomoa, oili itamwagika kutoka hapo. Funga tundu kwa mfuko mzito wa plastiki na mpira uliokatwa kwenye tyubu, na ukifika angalia kiwango cha oili kabla ya kuwasha. Bolti zote zitie kwenye kikopo kimoja.

Kama injini inawaka lakini gari haliwezi kutembea kwa sababu nyengine, iko njia nyepesi zaidi. Simama kila baada ya muda, washa injini gari likiwa fri na mguu ukiwa mbali na klachi, uiache ingurume dakika chache. Shafti ya chini itazunguka na kunyeshea oili juu. Lakini hii ni kwa giaboksi nzima tu. Giaboksi iliyovunjika au inayovuja haivutwi magurudumu yake ya nguvu yakiwa chini, hata kilomita mbili.

Mambo manne yanayosemwa sana barazani

“Tia gia, ukanyage klachi njia nzima.” Hapana. Gia ikiwa ndani, magurudumu huzungusha giaboksi na sahani ya klachi, na kadiri gia ilivyo ndogo ndivyo sahani inavyozunguka kwa kasi. Gia ya kwanza kwa mwendo wa barabara kuu inaweza kuizungusha sahani kupita kiasi ilichotengenezewa, na ikapasuka. Pia mguu ukichoka na kuteleza, klachi inashika, magurudumu yanajifunga ghafla na gari linayumba nyuma ya kamba.

“Brekidauni ikiinua mbele, gari limesalimika.” Ni kweli kwa gari la mbele, kwa sababu magurudumu ya nguvu yako hewani. Kwa Hiace si kweli, maana ya nyuma bado yako chini na bado yanazungusha propela. Gari la nyuma liinuliwe nyuma, au litolewe propela, au lipakiwe zima juu ya lori la kubebea magari.

“Fowili ni imara, livute tu.” Fowili za kila wakati ndizo zinazotaka hadhari zaidi. Ukiinua mbele tu na kuacha ya nyuma yazunguke, kifaa cha katikati kinachogawanya nguvu kinalazimishwa kufanya kazi ambayo hakikuumbiwa, na kinaweza kuungua. Magurudumu yote manne yawe juu, isipokuwa kitabu kiseme vyengine. Kumbuka zipo Probox za fowili pia, na kwa nje hufanana na nduguze.

“Otomatiki na manyuali ni mamoja.” Si mamoja. Pampu ya oili ya otomatiki nyingi huendeshwa na injini. Injini ikizima, hakuna oili inayotembea. Vitabu vingi huruhusu masafa mafupi na mwendo wa pole tu, na vyengine haviruhusu kabisa.

Malori makubwa

Hapa sina mjadala na mtu. Lori kubwa lenye gia nyingi lisivutwe magurudumu ya nguvu yakiwa chini kabla ya kutoa propela au kuchomoa ekseli. Watengenezaji wa giaboksi hizi wameliandika waziwazi, kwa sababu ile ile ya shafti ya chini kusimama. Kwenye barabara ya Mariakani na Mazeras utaona trela likivutwa na jengine kwa chuma, dereva amestarehe kwa kuwa liko fri. Juu ya hayo, breki za hewa za nyuma hujifunga zenyewe hewa ikiisha, kwa hivyo lazima lipewe hewa kutoka lori la mbele au breki zifunguliwe na fundi anayejua. Kazi hiyo si ya kubahatisha.

Roho kwanza, giaboksi baadaye

Tumezungumza chuma, lakini kamba imeumiza watu pia. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito na busta ya breki inabakia na nguvu za kukanyaga mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Anayekaa kwenye gari la nyuma awe dereva mzima mwenye nguvu za mguu, asiwe kijana wa kujifunza. Ufunguo uwe umewashwa kiasi cha kufungua loki ya usukani, na usichomolewe mpaka gari lisimame. Gari la kitufe lenye betri iliyokufa huenda usukani wake usifunguke. Likiwa hivyo, halivutwi kwa kamba.

Funga kamba kwenye pete ya kuvutia. Magari mengi ya Japani yana pete ya kuskurubu iliyowekwa pamoja na jeki, na tundu lake liko nyuma ya kifuniko kidogo kwenye bampa. Usifunge kwenye bampa wala kwenye vyuma vya usukani. Washa taa za hatari zote nne. Na kamba na feri ya Likoni havipatani: kwenye ule mteremko wa kuingilia, gari lisilo na breki nzuri linaweza kumrukia wa mbele au umati wa watu. Kwa huko tafuta lori la kubeba.

Kipimo changu

Hiki ni kipimo ninachowapa wateja wangu pale kitabu kinapokosekana. Gari la mbele, oili imejaa, giaboksi nzima: vuta mpaka gereji ya mji wa karibu, mwendo usizidi 40. Gari la nyuma, propela ikiwa ndani: kilomita 10, ikizidi sana 15, kwa mwendo huo huo. Zaidi ya hapo propela itoke. Otomatiki, fowili na malori makubwa: usianze na kamba.

Ukifika, kabla ya kumkabidhi fundi, piga picha ya kilomita kwenye dashibodi, na uandike gari limevutwa kutoka wapi, propela ilitoka au haikutoka. Katika magari ya zamani yenye waya wa spidi unaotoka kwenye giaboksi, kilomita za kuvutwa huhesabika, na zinaweza kukata ugomvi. Kisha mwambie fundi afungue bolti ya chini ya giaboksi. Oili safi ni habari njema. Vumbi la dhahabu au harufu ya kuungua ni onyo, na vipande vya chuma vinaonyesha kwamba beringi imeshakwenda. Ukilijaribu barabarani, sauti ya kuunguruma inayoendelea gari likitembea hata ukikanyaga klachi haitoki kwenye injini. Ichunguze shafti ya kutokea kabla hujaongeza safari ya pili.

Galoni ya oili mpya na saa moja ya fundi ni gharama ndogo. Ukiona dalili hizo ukaendelea kubeba abiria, beringi ya leo itakuwa giaboksi ya mwezi ujao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.